Je, lazima muasi ashindwe?

Swali limetoka kwa msomaji anayeandika riwaya yake ya kwanza, na pamoja nalo alinitumia rasimu mbili. Nalifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Riwaya yangu inahusu nchi ambayo dola inataka kujua hata ndoto za raia. Mhusika mkuu ni karani, na kazi yake ni kufuta kwenye daftari la raia majina ya watu waliochukuliwa usiku. Siku moja, badala ya kulifuta jina na kulisahau, analikariri. Uasi wake unaanzia hapo. Katika rasimu ya kwanza nilimalizia kwa yeye kulipua makao makuu ya chama. Rafiki yangu akacheka, akasema hiyo ni sinema. Katika ya pili anakamatwa na kuteswa mpaka anaisifu dola. Dada yangu akaniuliza, sasa kurasa zote hizo tumezisoma za nini? Naomba unijibu: katika riwaya za distopia, yaani za nchi ya kubuni iliyogeuka jinamizi, lazima muasi ashindwe? Na akishindwa, uasi wa mtu mmoja una maana gani?"

Marahaba. Jibu fupi ni kwamba si lazima. Jibu refu ni kwamba rafiki yako na dada yako wote wamekosea, kwa sababu wameupima uasi wa karani kwa ukurasa wa mwisho. Mimi ningeupima kwa lile jina alilolikariri. Kufika hapo nitazunguka kidogo, unisamehe.

Tuanze na dola, maana muasi huumbwa na kile anachokiasi. Yuko mtawala wa mabavu wa kawaida, ambaye historia imemjua tangu zamani. Huyu anataka kodi yako, kimya chako, na makofi siku ya gwaride. Ukirudi nyumbani ukafunga mlango, unayoyawaza ni yako. Dola ya kiimla iliyokamilika haiutambui mlango huo. Haitosheki na utii, inataka uiamini, na ikiwezekana uipende.

Ili uione tofauti, weka riwaya mbili bega kwa bega. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha watu elimu ya sheria. Serikali ile haina huruma. Wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuifaa nchi, shukrani yao ilikuwa kifungo. Hata hivyo Karama anapewa baraza. Anasimama mbele ya mfalme, anasema, anasikilizwa, na maneno yake yanaokoa maisha yake. Sasa fungua Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, iliyoitangulia kwa miaka miwili tu. Winston Smith, mhusika mkuu, anapoanza kuandika shajara tarehe 4 Aprili, msimulizi anatuambia kwamba kitendo hicho hakikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hapakuwa tena na sheria. Lakini akigunduliwa ni kifo, au angalau miaka 25 ya kambi ya kazi ngumu. Karama ana baraza la kulishawishi. Winston hana hata kifungu cha kuvunja. Ufasaha wote wa Karama ungemfaa nini mbele ya watu ambao hawajamshtaki kwa lolote?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema waandishi hawa ni watu wa kukata tamaa. Waasi wao wanashindwa kwa sababu dola imechorwa hivyo tangu sura ya kwanza. Ukishatuambia kwa kurasa mia mbili kwamba dola hii inamfuata mtu hadi usingizini, halafu ikaangushwa na baruti za karani mmoja, umeyakana maneno yako mwenyewe. Kwa hilo tu rafiki yako ana haki ya kucheka.

Lakini dola ya namna hiyo ina udhaifu wake, na udhaifu huo ndio chakula cha mwandishi. Kwa kuwa inadai kila kitu, chochote usichoipa umeiibia. Kwa mtawala wa kawaida shajara ni burudani ya wapweke. Kwa Winston ni kosa la kuuawa. Angalia vitu anavyovikusanya: daftari la karatasi laini za zamani, kibonge cha kioo chenye kipande cha marijani ndani, kahawa ya kweli aliyoletewa na Julia, mpenzi wake. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuiangusha serikali. Kile kioo hakina kazi kabisa, na Winston anakipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni kitu ambacho Chama kinachotawala hakikukipangia matumizi.

Hili si la riwaya tu. Mwaka 1978 Václav Havel, mwandishi wa tamthilia aliyekuja kuwa rais wa Chekoslovakia mwishoni mwa 1989, aliandika insha kuhusu muuza mboga anayeweka dirishani bango la kuwataka wafanyakazi wa dunia waungane. Haliamini. Analiweka ili aachwe kwa amani. Havel anauliza: siku akiliondoa, amefanya nini? Hajapiga mtu, hajachoma ofisi, hata hotuba hajatoa. Lakini ameonyesha kwamba kumbe inawezekana kutoliweka, na mfumo unaoishi kwa kila mtu kujifanya hauwezi kuvumilia hata mmoja aache kujifanya. Ukilisoma jambo hilo polepole utaona kwa nini nimeipenda sura yako ya pili, ile ya kulikariri jina, kuliko sura zote za baruti.

Tatizo la waasi wengi wa distopia, na karani wako ni mmoja wao (ni binamu wa Winston, nawe unajua, si dhambi), ni kwamba wanalidharau hilo dogo lao. Wanaona aibu kuwa na uasi mdogo. Wanataka harakati, kiongozi, na kiapo.

Kuna tukio katika riwaya ya Orwell ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, nami nakuomba ulisome mara tatu. Winston na Julia wanakwenda kwa O'Brien, ofisa mkubwa wa Chama, wakimdhania ni mwanachama wa udugu wa siri wa waasi. O'Brien anawauliza watakubali kufanya nini. Kuua? Ndiyo. Hujuma itakayoangamiza mamia ya wasio na hatia? Ndiyo. Na kama ingefaa kummwagia mtoto tindikali usoni? Ndiyo. Swali pekee linalokataliwa ni la mwisho, kama wako tayari kutengana wasionane tena, na anayeropoka "hapana" kwanza ni Julia. Winston anakawia kujibu, na hana hakika ni neno gani litamtoka. Baadaye, ndani ya Wizara ya Upendo, yaani jumba la mateso ambako O'Brien ndiye mtesi wake, Winston anadai kwamba yeye ni bora kuliko watesi wake. O'Brien hamjibu. Anamchezea kanda ya kiapo kile. Kwangu hapo ndipo Winston anapoanza kushindwa, mapema kabla ya kutishwa kwa panya katika Chumba 101, mateso yake ya mwisho. Alikuwa na kitu ambacho Chama hakina, akakiweka rehani ili apewe silaha ambazo Chama kinazo tele. Kikulacho ki nguoni mwako. Karani wako naye, katika rasimu ya kwanza, analipua jengo lenye wapishi na wafagizi ndani yake bila hata kuwawaza. Umeandika mstari mmoja tu: "moto ulipaa." Nani alikuwa ghorofa ya chini?

Tukiwa kwa O'Brien, nina neno kuhusu mhoji wako. Wa kwako anafoka na kupiga, na hilo linachosha upesi. Katika riwaya hizi ofisa wa dola aghalabu ndiye msomaji bora kuliko wote. Kapteni Beatty wa Fahrenheit 451 (1953), mkuu wa wachoma vitabu, anavinukuu vitabu kuliko yeyote anayevificha. Mustapha Mond, mtawala katika Brave New World (1932), ana Biblia kwenye kasha la chuma, na Shakespeare anamjua vizuri. O'Brien anadai alishiriki kukiandika kitabu cha siri cha waasi ambacho Winston alikisoma. Babu yao wote ni yule Mhoji Mkuu wa Dostoevsky katika The Brothers Karamazov, riwaya iliyokamilika mwaka 1880, mzee anayemwambia Kristo ana kwa ana kwamba watu hawautaki uhuru, wanataka mkate na mtu wa kumsujudia. Mhoji wa namna hii anatisha kwa sababu ameshayafikiria yote ambayo muasi anadhani ni siri yake. Mpe mhoji wako hoja ambayo wewe mwenyewe, mwandishi, hujui kuijibu. Usiku utakaokosa usingizi kwa ajili yake ndio utakaoiandika sura hiyo.

Sasa nikupeleke kwa mzee wa ukoo, ambaye wengi humtaja bila kumsoma. Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli, aliandika riwaya iitwayo Sisi huko Urusi mwaka 1920 na 1921. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza mjini New York mwaka 1924, na katika nchi yake haikuchapishwa hadi 1988. Orwell aliisoma na kuiandikia tahakiki Januari 1946, kwa hiyo undugu unaouona kati ya vitabu hivyo haukuja kwa bahati. Watu wa Dola Moja, nchi ya riwaya hiyo, wana namba mahali pa majina, nyumba zao ni za kioo, na hutafuna kwa mpigo mmoja. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Dola Moja ni kinyozi.

Msimulizi, D-503, si muasi. Ni mwanahisabati anayejenga chombo cha kwenda sayari nyingine, na anaandika kumbukumbu zake 40 ili kuisifu dola. Uasi unamjia kama ugonjwa. Daktari anamwambia kwamba inaelekea ameota roho. Hapa Zamyatin alifanya jambo ambalo Orwell hakulifanya. Alitupa sentensi zinazoharibika. D-503 anaanza kwa kuandika kama kikokotoo, kisha nukta zinatawanyika, tashbihi zinamponyoka, anaacha mambo katikati. Na baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo, mtindo unanyooka tena, baridi, safi. Anamtazama mwanamke aliyempenda, I-330, akiteswa chini ya kengele ya kioo, na anaona kilicho mbele yake bila kuhisi chochote. Sijui kurasa nyingine zinazoonyesha kushindwa kwa muasi kwa nahau na nukta peke yake namna hii. Rasimu yako ya pili inatuambia karani amevunjika. Lugha yake haijavunjika. Anaisifu dola kwa sentensi zilezile tamu alizolililia jina lile.

I-330, aliye muasi, ndiye anayetoa hoja bora ya uasi katika fasihi hii yote, na anaitoa kwa hesabu. D-503 anamwambia mapinduzi yao yalikuwa ya mwisho. Naye anamjibu: basi nitajie namba ya mwisho. Mwanahisabati anakwama.

Lakini ukitaka muasi anayefaulu kitabuni humo, usimtazame I-330. Mtazame O-90, mwanamke mnene na mpole ambaye D-503 anamdharau kidogo. Amepungukiwa sentimita kumi kufikia kimo ambacho dola imekiweka kwa wanaoruhusiwa kuzaa. Anapata mimba hata hivyo, akijua adhabu ni kifo, na anavushwa nje ya Ukuta wa Kijani unaoizunguka dola na mtoto wake tumboni. Hana nadharia. Ndiye anayetoka hai.

Nimekaa kwake kwa makusudi, kwa sababu riwaya hizi zina kasoro ambayo nawe umeirithi. Mara nyingi mwanamke huletwa ili amwamshe mwanamume, kisha hupotea. Katika Fahrenheit 451 msichana Clarisse anamuuliza Montag, mchoma vitabu, kama ana furaha, na kabla hatujafika mbali hayupo tena. Winston anamcheka Julia kuwa uasi wake unaishia kiunoni, na Julia analala usingizi wakati anasomewa nadharia. Mimi kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomwona Julia kuwa mwerevu zaidi: anajua Chama kinadanganya, hana haja ya kuelezwa kwa sura tatu. Katika rasimu zako mwanamke wa sokoni anamwambia karani "amka" kisha anapigwa risasi. Mpe kazi nyingine, au mwache aishi.

Kuhusu Huxley, mwandishi wa Brave New World, nitapita haraka, kwa sababu dola yako si ya aina yake. Kwake hakuna haja ya kutesa. Watu wamepewa raha na vidonge mpaka hawaoni cha kuasi. John, kijana aliyekulia nje ya dola hiyo, anadai haki ya kutokuwa na furaha, na mwisho anajitoa uhai, na watazamaji wanakuja kwa helikopta kuangalia. Ni uasi wa aina nyingine, unataka kitabu kingine.

Je, wako wanaoshinda? Wako. Montag anaponyoka, anavuka mto, anawakuta watu wanaobeba vitabu kichwani. Lakini angalia nani anayeuangusha mji: si yeye, ni mabomu ya vita ambavyo raia hawakuvijali. Katniss wa The Hunger Games anaingia mji mkuu wa adui, na mshale wake wa mwisho anamlenga rais wa waasi wenyewe, kwa sababu amemsikia akipendekeza watoto wa walioshindwa nao wachinjane uwanjani, kama walivyolazimishwa watoto wa watawaliwa. Suzanne Collins, mwandishi wake, alijua kwamba ushindi ni swali jipya. Ishara ya vidole vitatu ya riwaya hiyo ilinyanyuliwa na waandamanaji Thailand baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 2014, na Myanmar mwaka 2021. Wale watu hawakuwa wamesahau kwamba hadithi ile ni ya kubuni. Walihitaji kitu kidogo ambacho mkono mmoja unaweza kukifanya.

Sasa swali la dada yako, kurasa zote hizo ni za nini. Mjibu hivi: katika riwaya hizi, mara nyingi mtu anashindwa lakini maandishi yanabaki, na mwandishi stadi hutuachia alama ya hilo. D-503 amekwisha, ila kumbukumbu zake tunazishika mkononi. Nineteen Eighty-Four haiishii pale Winston anapompenda Kaka Mkubwa, kiongozi ambaye ndiye sura ya Chama. Baada yake kuna kiambatisho kuhusu ile lugha mpya ya Chama, lugha iliyotengenezwa ili mawazo ya uasi yakose maneno, na kiambatisho hicho kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida na kwa wakati uliopita. Mtu fulani, baadaye, anaizungumzia lugha ile kama kitu kilichokuwapo. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani ilitaka kipande hicho kikatwe, na Orwell akakataa. Wasomi wanabishana kiambatisho kinamaanisha nini. Mimi niko upande wa wanaokiona kama mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Margaret Atwood aliufungua mlango huo zaidi katika The Handmaid's Tale ya 1985, kisha akatucheka. Mwishoni tunaambiwa simulizi yote tuliyosoma, ya mwanamke aliyelazimishwa kuwazalia wakubwa wa dola, ilikuwa kwenye kanda za kaseti, zipatazo 30, zilizokutwa ndani ya sanduku la chuma, na mwaka 2195 maprofesa wanazijadili kwenye kongamano. Dola hiyo, Gilead, imekwisha. Je, tufurahi? Profesa anatania, na anasikitika kwamba mwanamke yule hakutuachia taarifa zaidi kuhusu mkubwa aliyemmiliki. Jina la mwanamke mwenyewe halijulikani. Aliitwa Offred, yaani mali ya Fred. Na sasa rudi sura ya kwanza ya kitabu hicho: wanawake wamelala kwenye vitanda vilivyopangwa ukumbini, walinzi wanapita, na wanawake hao wanasomana midomo gizani, wakipeana majina yao ya kweli kutoka kitanda hadi kitanda.

Unaona nilikokuwa nakwenda. Kabla sijamaliza nikutajie mshairi wa Urusi, Anna Akhmatova, na hapa hakuna ubunifu. Miaka ya 1930 mwanawe alikuwa kifungoni, naye alisimama miezi 17 katika foleni nje ya magereza ya Leningrad. Mashairi ya Requiem aliyaandika kwenye vipande vya karatasi, akamwonyesha mgeni wake, mgeni akayakariri kimoyomoyo, kisha karatasi ikachomwa kwenye kisahani cha majivu. Yaliishi vichwani mwa watu wachache kwa miaka mingi, na nchini mwake yakachapwa 1987. Ndani yake anasema angependa kuwataja wote waliosimama naye, mmoja mmoja kwa jina, ila orodha imechukuliwa na hana pa kuuliza.

Karani wako anayo orodha. Ndiye mtu wa mwisho katika nchi nzima kuliona kila jina kabla halijafutwa, na wewe umemnyang'anya kazi hiyo ukampa baruti. Nimezipitia rasimu zote mbili kwa kalamu mkononi: jina alilolikariri sura ya pili halitajwi tena baada ya sura ya tano. Akamatwe ukitaka. Avunjwe, nalo asahau akiwa chumba cha mateso, sitakulaumu. Lakini kabla hajakamatwa, awe amelisema sikioni mwa mtu. Huyo mwanamke wa sokoni, uliyemuua ukurasa wa 61, ana masikio.